Friji ya nyumbani katikati ya jangwa la Arizona

QUARTZSITE ni mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Arizona, Marekani, takriban kilomita 200 magharibi mwa Phoenix, pale barabara kuu iendayo Los Angeles inapokutana na ile inayoshuka kwenda Yuma. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wapatao 2,400. Ukipita hapo mwezi Julai, wakati joto linavuka nyuzi 40, utadhani hata idadi hiyo imetiwa chumvi.

Januari ni habari nyingine. Kuanzia kandokando ya lami hadi chini ya vilima, jangwa lote limejaa magari-nyumba: mengine ni makubwa kama mabasi ya mikoani, mengine ni matela yanayovutwa na pikapu, mengine ni vibasi vidogo vilivyotiwa kitanda na jiko. Mbele ya kila gari pana viti viwili vya kukunja, mkeka, na pengine mbwa aliyefungwa kivulini. Wenyeji huwaita wageni hawa "ndege wa theluji", maana kila mwaka hushuka kutoka Kanada na majimbo ya kaskazini kukimbia baridi, kisha hurudi kwao majira yakibadilika. Wengi ni wastaafu.

Eneo kubwa wanalokaa linaitwa La Posa, nalo ni ardhi ya serikali ya shirikisho inayosimamiwa na idara ya ardhi, BLM. Kwa miaka mingi ada imekuwa dola 180 kwa msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, au dola 40 kwa siku 14. Kwa nyumba ya miezi saba, bei hiyo ni ya kutupa. Mgeni anapata vyoo, bomba la kujazia maji, mahali pa kumwaga majitaka na pa kutupa taka.

Umeme hapati. Hakuna nguzo, hakuna soketi, hakuna mita.

Hata hivyo, ukichungulia ndani ya magari hayo, hasa yale makubwa ya miaka ya karibuni, utakuta jikoni pamesimama friji ileile inayouzwa kwa ajili ya nyumba za mjini: milango miwili, droo ya mboga, mashine ya kutengeneza barafu. Friji hiyo ilibuniwa kuchomekwa ukutani na kusahauliwa. Hapa jangwani haisahauliki hata usiku mmoja.

Mji huu, kwa jambo dogo la pembeni, una kaburi ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kusimama. Ni piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake, na jina lililoandikwa ni "Hi Jolly". Ukilitamka taratibu utagundua ni Haji Ali. Alikuwa mchunga ngamia kutoka milki ya Waturuki, aliyeletwa Marekani mwaka 1856 jeshi la nchi hiyo lilipotaka kujaribu ngamia kama wabeba mizigo wa jangwani. Alifariki mwaka 1902. Ngamia wake walivuka nyika hizi wakibeba maji na chakula kikavu, na hakuna aliyewaza maziwa ya baridi.

Moto unaoleta baridi

Kwa miongo mingi magari-nyumba yalitumia friji ya gesi. Kisayansi ni kitu cha kustaajabisha, kwa kuwa ndani yake mwali mdogo wa moto ndio unaoleta baridi. Wanafunzi wawili wa Stockholm, Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni mfumo huo mwaka 1922. Moto hupasha mchanganyiko wa amonia na maji, amonia huchemka na kupanda, kisha inapoyeyuka tena kuwa mvuke mbele ya hidrojeni hunyonya joto la ndani ya kabati. Hakuna kompresa na hakuna mlio.

Wahudumu wa afya wa zamani wa Tanzania na Kenya wanaifahamu teknolojia hii bila kujua kwamba wanaifahamu. Friji za mafuta ya taa, zilizotunza chanjo katika zahanati za vijijini ambako nguzo za umeme hazikufika, zilifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Tabu yake ni nyingi. Gari lazima lisimame sawasawa. Likiinama, amonia haizunguki vizuri na friji huharibika. Ikiwa ya moto, huchukua saa nyingi kupoa. Siku za joto kali hulemewa. Juu ya hayo kuna mwali wa moto na gesi kali nyuma ya ukuta wa mbao, na magari yameshawahi kuungua kwa sababu hiyo. Lakini kwa umeme, haidai karibu chochote, na mtungi mmoja mkubwa wa gesi huiendesha kwa siku nyingi.

Friji ya nyumbani imekuja na faida zake: nafasi kubwa, bei nafuu kwa ukubwa huo, baridi ya haraka, na haijali gari limeegeshwa vipi. Familia ikiiona dukani, kinachotazamwa ni mashine ya barafu na nafasi ya kuku mzima. Muuzaji naye hana haraka ya kuzungumzia saa 9 usiku.

Uniti mbili kwa siku

Hesabu yenyewe si ngumu, na yeyote anayenunua umeme wa LUKU nyumbani ataielewa.

Friji ya wastani ya Kimarekani hutumia uniti moja na kidogo kwa siku, tuseme 1.2. Umeme wake ni wa volti 120 kama ule wa ukutani, lakini betri za gari-nyumba hutoa volti 12. Katikati lazima pakae inveta ya kuugeuza. Inveta nayo hula hata friji ikiwa imetulia. Ikila wati 20 kwa saa 24, hiyo ni karibu nusu uniti kwa siku, na hapo haijafanya kazi yoyote isipokuwa kukaa macho. Ongeza kinachopotea kwenye betri na nyaya, na familia inahitaji karibu uniti mbili kila siku kwa friji peke yake.

Sasa lije giza. Januari, paneli za sola juu ya paa huanza kuzembea kuanzia saa 10 alasiri, na asubuhi haziamki vizuri kabla ya saa 3. Kwa zaidi ya saa 16 friji inaishi kwa akiba ya betri, nayo itataka uniti 1.3 hivi. Betri ya kawaida ya risasi na tindikali yenye ampea-saa 100 ina uniti 1.2 kwa jina tu. Ukitaka idumu, usivuke nusu yake. Kwa hiyo betri mbili za aina hiyo hutoa uniti 1.2 za kutumia.

Zimepungua kidogo, wala bado hatujawasha taa. Usiku wa jangwani ni baridi, joto hushuka hadi nyuzi 5 na mara nyingine chini ya hapo. Hita ya gesi ya gari ina feni ya kusukuma hewa, na feni hiyo ni mlaji mkubwa wa betri kuliko watu wengi wanavyodhani. Kuna pampu ya maji, kuna simu zinazochajiwa, kuna mashine ya kusaidia kupumua usingizini ambayo wazee wengi hulala nayo.

Ndiyo maana ajali hutokea alfajiri. Kompresa ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa sekunde moja au mbili. Friji hizi pia zina waya wa joto wa kuyeyusha barafu, wa wati mia kadhaa, unaojiwasha wakati wowote unaoupenda. Betri iliyochoka haihimili mvuto huo. Volti huanguka, inveta hulia kwa kelele, kisha hujizima ili kuilinda betri. Aliyelala usingizi mzito hasikii. Asubuhi friji iko kimya, na hakuna anayejua imezimika saa ngapi.

Betri za lithiamu hupunguza tatizo hili, maana karibu akiba yake yote hutumika, na volti yake haishuki haraka. Mbili za ampea-saa 100 zingetosha kwa usiku uleule. Ni ghali zaidi, na hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Inveta nayo iwe ya mawimbi safi. Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya mkato huifanya kompresa iungurume na kuchemka.

Upande wa kuchaji, paneli za wati 400 zilizolala juu ya paa huleta, kwa jua la Januari la huko, uniti moja tu ya kutumia. Jua halikosekani, tatizo ni kwamba linapita chini upande wa kusini, na paneli iliyolala haikabiliani nalo. Ndiyo sababu asubuhi katika La Posa utaona wazee wakipanda ngazi kuinua paneli ziangalie kusini. Kiafya jambo hilo halipendezi hata kidogo. Mtu wa miaka 72 hana kazi juu ya paa lenye umande, na mfupa wa nyonga uliovunjika ni balaa kubwa kuliko friji yoyote. Afadhali kuongeza paneli hadi wati 800 au zaidi na kuziacha zilale, au kuweka nyingine mbili chini, zisimame mchangani kwa miguu yake.

Jenereta ya jirani

Siku za mawingu, jangwa lote hunguruma. Jenereta ndiyo mkombozi wa kila mtu, ingawa kanuni za eneo hilo zinataka utulivu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Maana yake ni kwamba katika saa ambazo friji ina shida zaidi, jenereta hairuhusiwi. Lazima betri zijazwe jioni.

Hapa ndipo friji inapoweza kuua, na si kwa chakula kilichooza. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ni sumu ileile inayoua familia za kwetu zinazolala na jiko la mkaa chumbani. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, dalili ambazo mtu husingizia mafua au uchovu wa safari. Aliyekwisha kulala hapati dalili yoyote. Haamki.

Jenereta ya kubeba isiwekwe chini ya turubai la gari wala karibu na dirisha, na bomba la moshi lielekee mbali, likiwemo dirisha la jirani. Magari yakiegeshwa kwa kubanana, jenereta ya mwenzako ni hatari kama ya kwako. King'ora cha kugundua hewa hiyo kiwe karibu na kitanda na kijaribiwe kabla ya safari, kwa kuwa nacho huzeeka. Kikilia, toka nje kwanza, mambo ya friji yatafuata.

Maziwa au insulini?

Chukua mfano wa mume na mke wastaafu, mke akiwa na kisukari. Asubuhi wanakuta inveta imezimika. Ndani mna kuku, maziwa, mayai, saladi ya jana, na boksi la insulini la miezi miwili. Swali la kwanza linalowajia ni insulini. Kwa Januari, swali la kwanza lingepaswa kuwa kuku.

Chakula kinachoharibika kinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 au chini. Ushauri wa mamlaka za chakula za Marekani ni kwamba friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa nne hivi baada ya umeme kukatika. Sehemu ya kugandishia ikiwa imejaa hufika saa 48, na ikiwa nusu, saa 24. Baada ya saa hizo nne nyama, samaki, maziwa na mabaki ya chakula hutupwa. Kunusa na kuonja hakusaidii, kwa sababu vijidudu vingi vinavyoumiza havibadilishi harufu wala ladha. Kijana ataharisha siku mbili na kupona. Mzee mwenye kisukari anayeharisha jangwani anapoteza maji, sukari yake inayumba, na hospitali ya karibu katika wilaya hiyo iko Parker, zaidi ya kilomita 50 kuelekea kaskazini.

Kwa kuwa hakuna anayejua umeme ulikatika saa ngapi, kipimajoto cha bei ndogo ndani ya friji kina thamani kuliko mashine ya barafu, hasa kile kinachohifadhi kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa. Asiye nacho agandishe kikombe cha maji, aweke sarafu juu ya barafu na kukirudisha humo. Akiikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka na kuganda tena wakati yeye hayupo au amelala.

Insulini ni mvumilivu kuliko inavyosemwa. Iliyo ndani ya boksi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, lakini aina nyingi zikishafunguliwa huweza kukaa kwenye joto la kawaida la chumba kwa takriban siku 28. Karatasi iliyo ndani ya boksi hueleza kila aina. Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka karibu na nyumbani. Februari 2021, watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo waliyoyapata kwa kufuata joto halisi la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, ambako usiku huwa nyuzi 25 na mchana 37. Insulini iliyowekwa kwenye mabadiliko hayo kwa wiki nne ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye friji.

Usiku wa nyuzi 5 Arizona, basi, haujaiharibu insulini ya mama yule. Kinachoiharibu ni kuganda. Insulini iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na kuonekana safi, na friji kubwa za nyumbani hupuliza hewa ya sehemu ya kugandishia kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo watu hupenda kuweka dawa ili zisisumbue. Mahali pake ni katikati, mbele, ndani ya kopo, au kwenye mlango kama kipimajoto kinaonyesha panafaa. Adui mwingine ni jua. Machi na Aprili mchana hufika nyuzi 30, na gari lililofungwa hupanda zaidi ya hapo kwa dakika chache. Wanaokwenda Los Algodones, mji wa mpakani mwa Mexico ambako wastaafu wengi hufuata madaktari wa meno na dawa za bei nafuu, wasiiache dawa juu ya dashibodi wakati wanapanga foleni ya kurudi.

Kwa familia yenye dawa za namna hiyo, kuna njia moja ambayo wauzaji wa magari hawaitaji sana: kijifriji cha pili, kidogo, chenye kompresa ya volti 12. Kinachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri bila inveta, na wakati wa baridi kwa kawaida hutumia chini ya nusu uniti kwa siku. Friji kubwa ikizimika, dawa na maziwa ya asubuhi viko salama. Mwenye kijifriji hicho anaweza hata kuizima friji kubwa usiku kwa makusudi, baada ya kugandisha chupa za maji mchana jua likiwa kali na kuzipanga ndani jioni, mradi kipimajoto kikubali.

Aliyezoea jangwa huzima mashine ya barafu siku ya kwanza. Huipoza friji na kuijaza kabla ya kuingia, akiwa bado kwenye kambi ya kulipia yenye soketi, kwa sababu kupoza vitu vya moto ndiyo kazi inayomaliza betri. Milango huifunga kwa komeo kabla ya kuondoka, maana friji hii haikubuniwa kwa barabara ya vumbi, na kona moja kali inatosha kumwaga mayai yote sakafuni.

Aprili inapokaribia katikati, paa za La Posa huanza kupungua. Joto la mchana limeifanya kompresa izunguke muda mrefu zaidi, na hesabu iliyotosha Januari haitoshi tena, ingawa jua limeongezeka. Familia humaliza nyama kwa jirani, mbele ya vile viti viwili vya kukunja. Wanaokwenda moja kwa moja kaskazini huacha friji ikiendelea, altaneta ya injini ikijaza betri njiani. Wanaoliacha gari kwenye maegesho ya mjini hadi Septemba huzima inveta, hufuta droo kwa maji ya siki, na kuuacha mlango wa friji wazi, taulo likiwa limebanwa katikati ili usijifunge na kuota ukungu.